Gari la Vipande au Gari Zima? Mashauri Kutoka Tseikuru

Chombo cha baharini hujengwa, gari hununuliwa. Hivyo ndivyo tulivyozoea sisi watu wa pwani. Mtu akitaka jahazi haendi dukani. Huenda Matondoni au Kizingitini, akazungumza na fundi, akatafuta mbao, mkuku ukalazwa na mataruma yakasimamishwa mbele ya macho yake, na siku ya kushusha chombo majini anajua kila ubao ulitoka mti gani. Lakini mtu huyo huyo akitaka gari, hutazama lililokwisha kuundwa na watu asiowajua katika nchi asiyopata kufika, akalipa, akapewa ufunguo. Nani aliyekata shauri kwamba kile cha kupanda mawimbi tukiunde wenyewe, na hiki cha kupanda matuta tutengenezewe na wengine?

Msomaji asidhani nauliza kwa kutaka kujipa makuu ya mwanafalsafa. Nauliza kwa ajili ya fedha, na fedha zenyewe si zangu. Ni mirathi. Marehemu mkwe wangu aliacha kishamba cha minazi huku pwani, nacho kimeuzwa, na warithi walikuwa wawili: mke wangu na kaka yake. Mafungu mawili yakaenda kwa kaka, fungu moja kwa dada, kama sheria isemavyo. Shemeji yangu huyo ni mfanyabiashara wa miaka mingi huko Tseikuru, kaskazini mwa Kitui. Akapendekeza mafungu yote matatu yatiwe katika kitu kimoja: gari la kubebea pojo, asali na mbuzi.

Mke wangu hakukataa. Alisema neno moja tu: "Enda ukaone kwa macho yako. Maneno ya simu hayabebi mzigo."

NCHI ISIYO MBALI NASI

Wengi wetu tukisikia jina la Tseikuru twadhani ni mwisho wa dunia. La hasha. Ukitoka Mwingi ukaelekea kaskazini, ukapita Kyuso, ukaacha milima ya Mumoni upande wako wa kushoto, utafika mji mdogo wa maduka, soko na hospitali, na mbele yake nchi yateremka kwenda kwenye Mto Tana. Tana huo ndio huo huo unaomwaga maji yake baharini karibu na Kipini. Maji wayaonayo watu wa Ozi leo yalipita mpakani mwa Ukambani juzi.

Wala undugu wetu wa biashara haukuanza na shemeji yangu. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa mabingwa wa misafara, wakiteremsha pembe za ndovu mpaka Rabai na Mombasa, na kupanda na nguo, shanga na waya wa shaba. Aliyevuma kuliko wote alikuwa Kivui wa Mwenda, mtu wa Kitui. Mmishonari Mjerumani Krapf alikuwa mgeni wake mwaka 1849, na ni huko Kitui, tarehe 3 Desemba mwaka huo, alipouona Mlima Kenya wenye theluji. Mwaka 1851 walisafiri tena pamoja kuelekea Tana, wakavamiwa na wanyang'anyi, Kivui akauawa. Kwa hiyo tatizo la kuchukua mali baina ya Tana na bahari ni la zamani kuliko magurudumu.

Leo pembe haziuzwi, na heri hivyo. Zinazouzwa ni pojo, wenyewe huko waziita ndengu, na sijui nyumba ya Mombasa ifuturuyo mwezi wa Ramadhani bila ya pojo za nazi japo siku moja. Inauzwa asali, ambayo Mwingi ina sifa nayo. Wanauzwa mbuzi. Vyote hivyo havitoki mjini. Vinatoka vijijini, ndani, ambako njia hukatwa na mito ya mchanga. Mto wa mchanga hauna maji ila msimu wa mvua, lakini ukavu wake si rehema kwa gari, kwani gurudumu huzama humo kama kijiko katika sembe. Punda hupita. Bodaboda hupita kwa taabu. Gari hupita likijaliwa.

RAI TATU

Nilipofika nikakuta baraza la shemeji limegawanyika katika rai tatu.

Rai ya kwanza ilikuwa kununua gari zima lililokwisha kutumika, aina inayojulikana, la kupanda na kuondoka nalo.

Rai ya pili ilikuwa ya rafiki yake wa Mombasa: ununuliwe mkangafu wa lori, yaani chesisi na injini tu, kisha fundi wa jua kali aunde bodi yote upya, kibanda cha dereva na viti na sanduku la mzigo.

Rai ya tatu ilitoka mbali. Mpwa wangu aliyeko Uingereza alikuwa amesikia habari, akapiga simu kwa furaha: "Mjomba, kwa nini mnunue? Huku mtu anauziwa gari katika masanduku, vipande vyote vimo, akaliunga mwenyewe nyuma ya nyumba yake. Nitawaletea moja."

Nakiri rai hii ya tatu ilinivutia. Nani kati yetu aliyelelewa karibu na gati asiyependa kuona kitu kikijengwa? Basi kabla ya kuikubali au kuikataa, nikaichunguza.

GARI KATIKA SANDUKU

Magari ya namna hiyo Waingereza wanayo tangu zamani. Lililopata jina kuliko yote ni Lotus Seven, lililotolewa mwaka 1957 na Colin Chapman, mhandisi wa magari ya mashindano. Lilikuwa gari dogo, jepesi, la watu wawili, na mtu aliweza kulinunua likiwa vipande. Sababu kubwa haikuwa mapenzi ya kujenga. Ilikuwa kodi. Gari zima lilitozwa kodi ya mauzo, vipande havikutozwa. Yasimuliwa kwamba sheria ilikataza kumpa mnunuzi maelezo ya kuliunga, kwa hiyo akapewa maelezo ya kulikongoa, ayasome kinyumenyume! Mwaka 1973 Waingereza wakabadili mfumo wa kodi, ile nafuu ikaondoka, na mwaka huo huo haki za gari hilo zikachukuliwa na kampuni ya Caterham, ambayo iliendelea kuliuza, zima na la vipande.

Huko Marekani, mwaka 1964, Bruce Meyers wa California, aliyekuwa fundi wa mashua za faibagilasi, alitumia ujuzi wa mashua kuunda bodi nyepesi ya kuweka juu ya mitambo ya Volkswagen kobe, ipate kukimbia katika mchanga wa pwani. Zingatia, msomaji: mjenzi wa mashua ndiye aliyejenga gari la mchangani. Mimi niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu.

Lakini hizo zote ni gari za starehe. Mwenye kuziunga ana gari jingine mlangoni la kumpeleka kazini. Akichukua miaka miwili kumaliza, mke atanung'unika, lakini hakuna gunia litakaloozea shambani.

Wako waliofikiria vipande kwa ajili ya nchi zetu. Katika miaka ya 1980 Mwingereza Tony Howarth aliunda gari aliloliita Africar, bodi yake ya mbao za plaiwudi zilizonyweshwa gundi, mitambo yake ya Citroën. Mwaka 1984 aliziongoza safarini kutoka nchi za barafu za kaskazini kuja kwenye Ikweta. Magari yalifika. Kiwanda hakikufika: kilianguka mwaka 1988.

La karibu zaidi na haja yetu ni OX. Hili lilikuwa wazo la Sir Torquil Norman, likachorwa na Gordon Murray, bingwa wa magari ya mashindano, na likaonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2013. Ni lori dogo lililopangwa kusafirishwa likiwa bapa, sita katika kontena moja la futi 40, na kuungwa na watu watatu kwa muda wa saa 12 hivi. Lilikusudiwa kubeba kilo 1,900, au watu 13. Dereva hukaa katikati, kwa hiyo haidhuru nchi inapita kulia au kushoto. Na kilichonifurahisha zaidi: fremu za viti vya nyuma hutolewa zikalazwa chini ya magurudumu kama madaraja ya kuvukia mchanga, na mlango wa nyuma ukageuka ngazi ya kupakilia mapipa.

Nilimweleza shemeji habari hiyo, akasimama. "Huyo aliyechora," akasema, "amepata kuvuka mto wetu."

Lakini hata OX halikuja kuuzwa kama sanduku kwa mkulima. Waliolirithi wazo hilo walianza kazi Rwanda mwaka 2021 kwa malori ya umeme, na walichouza hakikuwa lori bali nafasi: mkulima alilipia mzigo wake kwa safari, bila ya kumiliki gari. Yaani wenye gari la vipande wenyewe waliona kuwa mtu wa shamba anahitaji safari kuliko anavyohitaji masanduku.

VIPANDE TUNAVYO MLANGONI

Tusisahau kwamba sisi watu wa Mombasa tunaishi na magari ya vipande kila siku. Tangu miaka ya 1970 kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, hapa hapa Mombasa, kimekuwa kikipokea masanduku ya vipande kutoka ng'ambo na kuyatoa yakiwa magari. Thika walikuwa na Leyland, ambayo leo ni Kenya Vehicle Manufacturers, na Nairobi wakawa na General Motors. Basi ikiwa vipande vinaungwa Mombasa, kwa nini visiungwe Tseikuru?

Jawabu lina pande mbili. Kwanza, nafuu ya ushuru wa vipande imewekewa viwanda vilivyoidhinishwa, si mtu na shemeji yake. Sanduku moja la mpwa wangu lingefika bandarini Kilindini na kuhesabiwa kama bidhaa nyingine. Pili, kiwanda kikivunja kioo kimoja kinavyo vingine mia. Sisi tukivunja kioo kimoja tungempigia simu mpwa wangu.

Na wako waliotaka kwenda mbali kuliko kuunga. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata likiwa baya wa sura na zito wa mwendo. Wahandisi wetu wakafanya kazi, wakisaidiwa na karakana za reli na nyinginezo, na mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa uwanjani Kasarani. Yalikwenda. Lakini fedha za kuyatoa kwa wingi hazikupatikana, na karakana ile ikaishia kuwa Numerical Machining Complex, ya kuchonga vyuma na vipuri. Watanzania nao walikuwa na malori yao ya Nyumbu huko Kibaha. Waganda, kupitia Chuo Kikuu cha Makerere, walitoa gari la umeme la Kiira mwaka 2011.

Kisha likaja Mobius. Mwingereza Joel Jackson alianzisha kampuni hapa Kenya kwa shabaha ile ile ya shemeji yangu: gari rahisi, gumu, la njia za mashamba. Mobius II ilipotoka, bei yake ilikuwa kama shilingi 950,000. Halikuwa na makuu. Watu wakalisifu, lakini wengi wakapima bei hiyo, wakaona kwa fedha hizo hizo watapata gari la Kijapani lililotumika, lenye kipupwe na redio, na spea zake ziko kila mtaa. Agosti 2024 kampuni ikatangaza kufunga, kisha akajitokeza mnunuzi wa kuichukua.

Siwacheki hao hata mmoja. Aliyejaribu ana heshima yake. Lakini somo ni moja katika visa vyote: siku ya kuunda gari ni siku moja, na siku za kulitengeneza ni elfu.

MASHAURI YA FUNDI

Somo hilo sikulipata vitabuni. Nililipata chini ya mti, kwa fundi wa magari wa mji ule, mzee wa Kikamba mwenye mikono iliyokolea oili. Nikampa habari za sanduku la Uingereza. Akasikiliza mpaka mwisho, kwani ni mtu wa adabu.

Nikamwuliza, "Fundi, likija gari usilolijua utafanyaje?"

"Mzee, nitalijua," akajibu. "Lakini masomo yangu utayalipia wewe."

Nikamwomba anieleze ayajuayo. Akahesabu kwa vidole: Toyota ya aina fulani na fulani, Isuzu ya aina fulani na fulani, basi. Si kwamba hana akili ya zaidi. Ni kwamba hizo ndizo zipitazo, na ndizo ambazo spea zake akiagiza asubuhi Mwingi, huletwa na gari la abiria jioni. "Gari ni kama mgonjwa," akasema. "Hospitali nzuri si ile yenye ukuta mzuri, ni ile yenye dawa."

Nikaondoka pale na swali langu limebadilika. Nilikuja nikiuliza: tuunde au tununue? Sasa nikauliza: ujuzi wa kila sehemu ya gari unakaa wapi?

Hapo ndipo nilipolielewa jahazi. Matondoni hawaundi jahazi kwa sababu ni mashujaa kutushinda. Wanaunda kwa sababu kila kitu cha jahazi kiko karibu nao. Fundi yuko, mbao ziko, misumari iko, pamba ya kalafati iko, sifa ya kupaka iko, na mtoto wa fundi anatazama. Chombo kikipasuka ubao, atakayeuziba yuko katika kijiji kile kile. Ujuzi na chombo vinakaa nyumba moja. Na tazama tena: jahazi za leo nyingi zina injini ya dizeli, na injini ile hakuna fundi wa Matondoni aliyeiunda. Imenunuliwa nzima. Wazee wetu wamejenga walichokijua na kununua wasichokijua, wakavitia pamoja, na hakuna aliyesema jahazi lile si lao.

SHERIA ZA BARABARA

Lakini akili peke yake haitoshi, serikali nayo ina neno. Gari halisajiliwi bila ya nambari ya chesisi na ya injini, hati za ushuru na ukaguzi. Gari lililotumika likitoka ng'ambo halipokewi likizidi umri wa miaka 8. Na mwenye kutaka kuunda bodi ya kuchukua abiria ana kanuni yake, KS 372, ieleezayo nguvu ya fremu, viti, milango na mikanda. Kanuni hiyo si ya kuonea watu. Sote twakumbuka mabasi yaliyopinduka bodi zikajikunja kama karatasi, na waliokuwamo ndani.

Shemeji alikuwa akitaka gari libebe magunia siku za kazi na watu siku ya soko. Hapo nilimkatalia waziwazi. Gari la mizigo si la kulipisha abiria, na roho ya mtu si gunia. Mgonjwa akitokea usiku apelekwe, bila nauli, hiyo ni thawabu yake. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Shemeji, hapo huna makosa. Watu hawa ni majirani zangu."

NA MKATABA JE?

Wasomaji wetu watataka kujua pia upande wa dini katika kuagiza kitu kiundwe. Mafakihi waliuzungumza mlango huu karne nyingi kabla ya magari. Kumwagiza fundi akuundie kitu kwa sifa maalumu na bei maalumu huitwa istisnaa. Wanavyuoni wa Kihanafi waliukubali kama mkataba peke yake, na bei yaweza kulipwa kidogo kidogo kazi ikiendelea. Madhehebu yetu ya Kishafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, huuangalia kwa masharti ya salam, ambapo thamani hutolewa yote palepale na kitu huelezwa sifa zake pasibaki utata. Kwa hiyo mtu asiingie kienyeji. Na amwulize shehe wake kabla ya kumwuliza fundi.

Kwa wasiotaka riba, benki za Kiislamu zilizofunguliwa Kenya tangu mwaka 2008 zina murabaha: benki hununua gari, kisha hukuuzia kwa faida inayojulikana. Lakini murabaha yataka kitu kilichopo. Gari zima laweza kununuliwa na kuuzwa. Rundo la vyuma lililo nusu gari, nani ataliuza? Hii nayo ni hoja ya upande wa gari zima, japo sisi hatukuhitaji mkopo.

Tulichohitaji ni karatasi. Ndugu wa tumbo moja hufikiri kuandikiana ni kutoaminiana, ilhali Qurani yenyewe, katika aya ndefu kuliko zote, imeamuru deni liandikwe na mashahidi wawepo. Tukaandika: mafungu mawili ya kaka, fungu moja la dada, faida na hasara kwa kiasi hicho hicho, ujira wa dereva utolewe kwanza, na dada akitaka kujitoa alipwe kwa bei ya soko ya siku hiyo. Mashahidi wawili wakatia sahihi. Nilipomsomea mke wangu kwa simu, alinirudisha mara mbili kwenye kile kifungu cha kujitoa, kisha akaridhika.

SHAURI LILILOKATWA

Basi tuliamuaje? Tulinunua kinachokwenda, tukaunda kinachobeba.

Tulinunua lori dogo la Isuzu lililokuwa likitumika humu humu nchini, aina ile aliyoihesabu fundi kwa vidole vyake. Yeye mwenyewe ndiye aliyelikagua, akalala chini yake muda mrefu kuliko nilivyoweza kusimama. Injini, giaboksi, ekseli na kibanda cha dereva havikuguswa. Sanduku la nyuma lililooza liling'olewa, na jipya likaundwa Mwingi, shemeji akienda kulitazama kila juma kama wazee walivyokwenda kutazama mataruma.

Hapo nilijifunza mambo ambayo mwenye kujengesha bodi afadhali ayajue. La kwanza, chesisi haichomelewi ovyo wala haitobolewi kingo zake. Bodi hufungwa kwa boliti zenye umbo la U, na baina ya chuma na chuma hulazwa ubao mgumu. Chesisi hujipinda kidogo njia ikiwa mbaya, na ubao ule huiachia nafasi. Fundi aliponieleza nikakumbuka mtepe wetu wa zamani, ulioshonwa kwa kamba za makumbi, ambao yasemwa uliweza kujipinda na mawimbi bila kuvunjika. La pili, sanduku lisirefushwe nyuma kwa tamaa. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, mbele hunyanyuka, na usukani huwa mwepesi mpaka dereva hana analoshika. La tatu, uzito wa bodi hutolewa katika uzito wa mzigo. Kila chuma cha urembo ni gunia la pojo lililobaki shambani.

Na yule mchoraji wa OX hatukumwacha bure. Mbao mbili za kukalia wapakizi zimetengenezwa kwa fremu za chuma ambazo hutoka, zikalazwa mchangani. Mlango wa nyuma hushuka ukawa ngazi ya kupandishia mapipa ya asali. Mpwa wangu nilimpelekea picha, nikamshukuru kwa dhati, kwani bila sanduku lake tusingepata wazo hilo. Akajibu, "Mjomba, basi mmeunga gari la vipande!" Kwa kiasi fulani alisema kweli.

Je, ndiyo kusema asiunde mtu gari? Sisemi hivyo. Kijana mwenye karakana, muda, na fedha asizozihitaji mwaka huu, aunde, na aunde mpaka mwisho. Wahandisi wa Nyayo na Makerere hawakupoteza wakati. Waliofundishwa pale wamefundisha wengine. Siku itakapokuwa kila kipande cha gari kina fundi wake katika mji wetu, tutaunda magari kama tuundavyo mashua, na hatutauliza.

Lakini mwenye mirathi mkononi, na mwenzi anayengoja kuona fungu lake, na magunia yaliyo ng'ambo ya mto wa mchanga, huyo apime kwa kipimo cha wazee. Asiulize gari gani ni zuri. Aulize, likilala njiani jioni, ni nani wa karibu awezaye kuliamsha, na dawa yake iko duka gani. Asipopata jina la mtu na jina la duka, fedha zikae sandukuni mpaka apate. Mafundi wapo, na kuwauliza hakulipiwi.